Mtama wa judo: fagia mguu kabla haujatua

Ni nadra kumpata mtoto aliyelelewa mtaani asiyejua maana ya kupigwa mtama. Mko uwanjani mnacheza, mnasukumana kwa mzaha, mara mwenzako anakuchota mguu kwa wayo wake. Kufumba na kufumbua u chali, vumbi limekujaa mgongoni na wenzako hawana mbavu kwa kicheko. Wengine huiita ngwara. Kwa jina lolote lile, ni hila kongwe, na wazazi wengi wameipiga marufuku kwa sababu zisizohitaji kuelezwa.

Lakini je, msomaji, wajua kwamba mtama huo huo umo katika judo, mchezo unaoshindaniwa kwenye Olimpiki? Tena si kwamba umo tu. Ndio unaotangulia katika orodha ya mbinu 40 za kuangusha ambayo imewaongoza walimu na wanafunzi wa judo kwa zaidi ya miaka 100. Ajabu ni kwamba, ingawa ndio wa kwanza kutajwa, wengi huuona kuwa miongoni mwa mbinu ngumu kuzimudu. Mtu aweza kufunga mshipi mweusi kiunoni na bado akawa anautafuta.

Sababu ni moja, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Mtama wa judo hauendeshwi na nguvu, unaendeshwa na wakati. Na wakati huo hakuna awezaye kuujua akiwa peke yake chumbani. Anayekufunza ni yule yule unayemwangusha. Kwa hivyo, anayetaka kuujua mtama huu sharti kwanza ajifunze kumtunza mwenzake.

MWENYE NGUVU MPISHE

Judo ilianzishwa mjini Tokyo, Japani, mwaka wa 1882 na mwalimu kijana aliyeitwa Jigoro Kano. Kano, aliyezaliwa 1860, alikuwa na umbo dogo, na alipokuwa shuleni alionewa na wanafunzi waliomzidi nguvu. Akaenda kutafuta walimu wa jujutsu, sanaa ya kale ya Wajapani ya kupigana bila silaha. Baada ya miaka kadhaa aliyachuja yale aliyofunzwa. Mbinu za kuumiza aliziondoa katika mazoezi ya kila siku, akabakisha zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya kwa bidii yao yote kisha wakarudi nyumbani wakiwa wazima. Shule yake, Kodokan, ilianzia katika hekalu la Kibudha la Eishoji, kwenye chumba kilichotosha mikeka 12 tu.

Neno "ju" lina maana ya ulaini, ule wa mti unaoinama upepo unapovuma. "Do" ni njia. Wahenga wetu walinena kwamba mwenye nguvu mpishe. Kano naye aliwafunza wanafunzi wake vivyo hivyo, ila aliongeza jambo: ukishampisha, mwongoze huko huko anakoelekea. Akikusukuma, usishindane naye. Rudi nyuma, mvute kidogo kuliko alivyokusudia kuja, na nguvu zake mwenyewe zitamwangusha.

Mwaka wa 1895 Kodokan ilizipanga mbinu zake za kuangusha katika makundi matano. Mpango huo ulifanyiwa marekebisho mwaka wa 1920, kila kundi likawa na mbinu nane. Mbinu ya kwanza ya kundi la kwanza ndiyo huu mtama wetu, na kwa Kijapani huitwa de-ashi-barai. "De" ni kujitokeza mbele, "ashi" ni mguu, na "barai" ni kufagia. Kwa ufupi, ni kufagia mguu unaokuja mbele.

Zingatia neno hilo, msomaji: kufagia. Anayepiga teke hukusudia kuumiza. Anayefagia huondoa kitu mahali kilipo, tena taratibu, bila kuichubua sakafu. Tofauti ya mtama wa vichochoroni na mtama wa judo imo humo.

Mchezo huu si mgeni kwetu. Michezo ya Afrika ilipofanyika Nairobi mwaka wa 1987, judo ilikuwa miongoni mwa michezo iliyoshindaniwa. Majirani zetu Watanzania nao wamekuwa na Andrew Thomas Mlugu, aliyeiwakilisha nchi yake katika Olimpiki za Rio mwaka wa 2016 na Paris mwaka wa 2024 katika uzani wa kilo 73. Wala si mchezo wa wavulana pekee. Wanaume walianza kuwania medali za judo katika Olimpiki za Tokyo mwaka wa 1964, nao wanawake wakaanza Barcelona mwaka wa 1992.

GANDA LA NDIZI

Ili kuelewa mtama huu, fikiria mtu anayekanyaga ganda la ndizi pale sokoni. Hakuna aliyemsukuma wala kumvuta. Alikuwa akitembea zake, akautua mguu, uzito wa mwili ukawa unaufuata mguu huo, na papo hapo ardhi ikamtoroka. Anaanguka vibaya kuliko mtu aliyesukumwa, kwa kuwa hakujiandaa.

Fikiria tena abiria anayeshuka kutoka kwa matatu ambayo haijasimama vizuri. Utingo amekwisha kugonga mlango, abiria ameutanguliza mguu mmoja, nao uko hewani karibu kugusa lami. Wakati huo hawezi kurudi ndani wala hajafika chini. Mwili wake wote unautegemea mguu ambao bado haujashika ardhi. Hapo hata mtoto mdogo akiusogeza mguu huo, mtu mzima ataanguka.

Jaribu jambo hili leo sebuleni kwako. Simama, uegemeze uzito wote kwenye mguu wa kushoto, kisha mwambie mwanao ausukume mguu wako wa kulia kwa kidole kimoja. Utasogea bila taabu. Sasa hamishia uzito wote kwenye mguu wa kulia, mwambie ausukume tena, hata kwa mikono miwili. Atatoka jasho bure. Kadiri uzito unavyozidi juu ya mguu ndivyo msuguano baina ya wayo na sakafu unavyozidi, na mguu huwa kama uliopigiliwa msumari.

Basi mguu una hali tatu. Ukiwa hewani ni mwepesi, lakini kuusogeza hakuna faida, kwa kuwa mwenyewe bado amesimama imara kwenye ule mwingine. Ukishakanyaga na kubeba mwili mzima, hauondoki hata ukiupiga teke. Katikati ya hali hizo mbili kuna upenyo mdogo, mfupi kama wa kupepesa jicho, ambapo mwenyewe amekwisha kuukabidhi mguu mwili wake na mguu haujaupokea. Mtama wa judo hupita katika upenyo huo.

Ndiyo maana msichana wa Gredi ya 7 mwenye kilo 40 anaweza kumwangusha mvulana wa kilo 55. Tusidanganyane, uzani una maana yake, na ndiyo sababu mashindano hugawanywa kwa uzani. Lakini katika mbinu hii mzito ana deni kubwa zaidi la kulipa anapokosa pa kukanyaga.

KWANZA UJUE KUANGUKA

Hapa ndipo vijana wengi hukosa subira. Wanataka kuangusha siku ya kwanza. Mwalimu anayejua kazi yake hatawaruhusu. Wiki za mwanzo ni za kujifunza kuanguka tu, elimu ambayo Wajapani huiita ukemi.

Kuanguka kwa judo kuna kanuni zake. Kidevu hukazwa kifuani na macho huliangalia fundo la mshipi, ili kisogo kisiguse mkeka. Pumzi hutolewa. Mkono wa upande unaoangukia hunyooshwa na kuupiga mkeka kwa kiganja na kigasha kwa pamoja, ukiwa karibu na mwili, usifike usawa wa bega. Pigo hilo huusambaza mshtuko. Jambo lisilofaa kabisa ni kuutanguliza mkono ili kuizuia ardhi. Hivyo ndivyo watu wanavyovunjika viganja na mifupa ya mtulinga.

Unaanza ukiwa umeketi, kisha ukichuchumaa, kisha ukisimama, na mwisho ukiangushwa polepole na mwenzako. Mtama wa de-ashi-barai humwangusha mtu kwa ubavu na mgongo, hivyo unaufanyia mazoezi upande wa kulia na wa kushoto hadi mwili ujibu wenyewe kabla hujafikiri.

Usidhani ni mambo ya kutishana. Japani kwenyewe, kitovu cha judo, somo hili lilipatikana kwa machozi. Utafiti wa msomi Ryo Uchida ulionyesha kwamba zaidi ya wanafunzi 100 walifariki katika judo ya shuleni nchini humo katika kipindi cha takriban miaka 30 kuanzia 1983. Wengi wao waliumia kichwani, na wengi walikuwa wanagenzi. Mambo hayo yalizua mjadala mkali, hasa sanaa za kujihami zilipofanywa somo la lazima katika shule za sekondari za chini mwaka wa 2012, na wakuu wa mchezo wakalazimika kukaza kanuni za usalama.

Basi chukua sheria hii, uibandike mlangoni ikibidi: mtama haufanyiwi mzaha kwenye saruji, lami, ngazi za ploti wala uwanja wa shule. Kwenye mkeka, mbele ya mwalimu, na kwa mtu anayejua kuanguka. Pasipo hayo matatu, huo si mchezo.

HATUA KWA HATUA

Sasa tuingie mkekani. Tuseme unataka kuufagia mguu wa kulia wa mwenzako.

Mshike hivi: mkono wako wa kulia uushike ukosi wa koti lake upande wake wa kushoto, karibu na mtulinga. Mkono wako wa kushoto uushike mkono wa koti lake la kulia, chini kidogo ya kiwiko. Naye akushike vivyo hivyo. Simameni wima, magoti yakiwa yamelegea, mabega yametulia. Anayekaza mikono kama mtu anayening'inia kwenye matatu iliyojaa hawezi kuusikia mwendo wa mwenzake.

Rudi nyuma polepole, naye akufuate. Mvuto wako uwe mdogo, wa kumwalika tu. Anapouleta mguu wake wa kulia mbele, uzito wako uwe umekwisha kutulia kwenye mguu wako wa kulia, ili wa kushoto uwe huru.

Uelekeze wayo wako wa kushoto upande wa ndani, kama kiganja kinachotaka kuchota maji. Ukingo wa kidole kidogo uteleze juu ya mkeka. Wayo wako ukutane na mguu wake upande wa nje, chini ya kifundo, karibu na kisigino. Kisha uufagie kuelekea vidole vyake vinakoelekea, ukiukatiza kidogo mbele ya mguu wake mwingine. Usiupinge mwendo wake. Uongeze.

Nguvu, kidogo ilivyo, itoke kiunoni na mguu mzima uende pamoja, si goti peke yake. Kiuno chako kiwe mbele na mgongo wima. Ukiinama kuutazama mguu, umekwisha kumwambia unachokusudia, na mizani yako mwenyewe imeharibika.

Mikono nayo ina kazi. Fikiria dereva anayekata kona kushoto. Mkono wake wa kushoto hushuka na wa kulia hupanda. Wewe pia, mkono wa kushoto uvute mkono wa koti lake chini kuelekea nyonga yake, na wa kulia uinue ukosi kisha uusukume kushoto. Mguu unaenda upande mmoja, mabega yanaenda upande mwingine, naye katikati hana pa kushika.

Jambo la mwisho ndilo la kwanza kwa uzito: usiuachilie ule mkono wa koti. Anapokaribia kutua, uvute juu kidogo. Mvuto huo humgeuza aanguke kwa ubavu na kukinga kichwa chake. Katika mashindano, ukimwangusha mtu mgongoni kwa nguvu, kwa kasi na kwa udhibiti, unapewa ippon na pambano linakwisha papo hapo. Udhibiti huo ndio huu wa mkono usioachilia.

MAZOEZI YANAYOFAA

Mazoezi ya mtama yana ngazi zake, na kuruka ngazi ni kujikwaa.

Ngazi ya kwanza unaweza kuifanya nyumbani, peke yako, bila kumgusa mtu. Chukua kandambili moja, uiweke kwenye sakafu laini. Shika ukuta kwa mkono, kisha uifagie kandambili hiyo kwa wayo bila kuinua mguu. Ikiruka hewani, umepiga teke. Ikiteleza moja kwa moja hadi ukutani, umefagia. Fanya mara 20 kwa kila mguu kila jioni. Kazi hii haikupi wakati, ila inaunyoosha wayo.

Ngazi ya pili ni kutembea na mwenzako mkekani mkiwa mmeshikana, bila kuangushana. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mwenye kuangushwa aseme "sasa" kila anapohisi uzito ukianza kuingia mguuni. Wewe sikiliza tu. Baada ya muda mwambie anyamaze, useme wewe, naye akusahihishe. Mazoezi haya yanaonekana ya kitoto, lakini ndiyo yanayofunza zaidi. Wengine hufumba macho, wakagundua kwamba mikono hupata habari kabla ya macho. Mtu anapohamisha uzito, koti lake hukuambia.

Ngazi ya tatu ni kugusa. Kwenye kila hatua ya tatu, gusa mguu wake kwa wayo kwa wakati ufaao, usiufagie. Kama mguu ni mzito, umechelewa. Kama hukuhisi kitu, umewahi.

Ngazi ya nne ni kumwangusha kweli, mkitembea kwa mwendo mliopatana, mara tano wewe, mara tano yeye. Ngazi ya tano ni randori, mazoezi huru ambapo kila mmoja hufanya atakalo. Usitarajie mtama wako ufaulu huko mapema. Wengi hukaa miezi mingi bila kuuona hata mara moja. Kisha siku moja, wakiwa hawaufikirii, mwenzao yuko chini.

Kuna onyo moja. Katika mbinu nyingine za judo, mwanafunzi hurudia mwendo mara nyingi mwenzake akiwa amesimama tuli. Mtama ukiufanya hivyo sana, unajizoesha kupiga mguu uliobeba uzito, jambo ambalo halikufai kitu. Mtama hufunzwa katika mwendo.

UKIWAHI NA UKICHELEWA

Mwanagenzi hukosea kwa njia mbili kuu. Akichelewa, wayo wake hugonga mguu uliokwisha kushika ardhi. Mguu hausogei, na mara nyingi anayegongwa huumia kifundoni au kwenye ugoko. Akigongwa hivyo mara tatu, naye huanza kulipiza, na mazoezi hugeuka ugomvi. Dawa si kuongeza nguvu. Dawa ni kupunguza mwendo na kurudi kwenye ngazi ya pili.

Akiwahi, hufagia hewa. Hapo hatari humgeukia yeye, kwa sababu amesimama kwa mguu mmoja. Wajapani wana mbinu mahsusi ya kumwadhibu, iitwayo tsubame-gaeshi. Tsubame ni mbayuwayu, yule ndege anayegeuka ghafla angani. Mwenye kushambuliwa huuondoa mguu wake kidogo, wayo wako ukapita, kisha anageuka na kuufagia mguu ule ule uliomtuma. Aliyekuja kuvuna anavunwa.

Kosa la tatu ni kulazimisha. Mtu anang'ang'ania mtama ilhali mwenzake amesimama tu, hatembei. Mguu usiotembea haufagiliki. Kazi yako ni kumfanya atembee. Zunguka, mvute, msukume kidogo, mwachie nafasi aone kama ameshinda. Akichukua hatua, ndipo pana kazi.

KUSINDIKIZA MGUU

Ukishaumudu mtama wa mbele, kuna ndugu yake uitwao okuri-ashi-barai, ambao umo katika kundi la pili la zile mbinu 40. "Okuri" ni kupeleka, au tuseme kusindikiza. Sisi Waswahili hatuhitaji maelezo marefu hapa. Mgeni akiaga, humfungii mlango nyuma yake. Unatoka naye, unatembea naye kidogo, unamfikisha njiani.

Ndivyo unavyofanya mkekani. Mnatembea kwa upande, hatua kwa hatua, kama kaa wawili. Mwenzako anatoa mguu mmoja upande, kisha analeta wa pili kuufuata wa kwanza. Huo wa pili unapokaribia kukutana na mwenzake, unausindikiza kwa wayo wako, unaufikisha hadi ulipo wa kwanza na kuipeleka yote miwili pamoja. Mikono yako inauinua mwili wake kidogo. Kwa nukta moja mwenzako yuko hewani, miguu yote haina ardhi.

Mmoja wa mabingwa wa zamani wa Kodokan, Kyuzo Mifune, aliyeishi kuanzia 1883 hadi 1965 na kupanda hadi dani ya 10, hakuwa mrefu wala mzito. Alijulikana kwa kucheza na watu waliomzidi mbali umbo, hata katika uzee wake, akiwategemea wao wenyewe wamletee nguvu. Mtu wa namna hiyo hawezi kungoja awe na misuli. Alijifunza kusindikiza.

MWENZAKO SI GUNIA

Kano aliacha kanuni mbili zinazotajwa katika judo kote duniani. Ya kwanza ni kutumia nguvu pale zinapofaa zaidi. Ya pili ni kustawi pamoja, wewe na mwenzako. Katika mtama, kanuni hizo mbili ni kitu kimoja.

Mwenzako amekukopesha mwili wake ujifunzie. Ana haki ya kuurudishiwa ukiwa mzima. Akiumia, atakuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hatembei sawasawa. Hukaza miguu, huinama, huburuta nyayo. Huyo hawezi kukufunza wakati, kwa kuwa mwendo wake si wa kweli tena. Kwa hivyo mwanafunzi anayewaumiza wenzake huchelewa kujua, hata kama huanza kwa vishindo.

Anayeangushwa naye ana wajibu. Asijirushe ili kukufurahisha, kwani hapo anakudanganya. Tena asikaze mwili kwa ubishi ilhali mmepatana kujifunza. Atembee kama mtu aendaye zake, autue mguu kwa imani. Si rahisi kuutua mguu kwa imani ukijua kwamba mtu anautafuta. Ndiyo maana katika judo watu huinamiana kabla na baada ya kila pambano. Wanashukuriana kwa jambo hilo.

KWA WAZAZI

Kama mwanao amekuomba umpeleke akajifunze judo, usimkatalie kwa kuwa tu ulipigwa mtama ukiwa mdogo. Nenda naye siku ya kwanza, uketi pembeni, uangalie mambo machache.

Tazama mkeka. Je, ni mkeka halisi wa judo, usio na mianya ya kunasa vidole vya miguu, na umetosha watoto waliopo bila kuangukiana? Tazama wanagenzi. Je, wanafunzwa kuanguka, au wameachwa mikononi mwa wenye mishipi ya rangi wawafanyie mazoezi? Je, watoto wanaopangwa pamoja wanakaribiana kwa uzani na umri? Muulize mwalimu amefunzwa wapi, na anafanya nini mtoto akigongwa kichwa. Jibu unalolitaka ni kwamba mtoto huyo hutolewa, haruhusiwi kurudi mkekani siku hiyo, na mzazi hujulishwa. Mtoto akilalamika baadaye kwamba kichwa kinamuuma, anatapika au anasinzia kupita kawaida, mpeleke hospitali bila kungoja kesho.

Zaidi ya yote, sikiliza. Ukumbi mzuri wa judo una kelele za viganja vikipiga mkeka, lakini hauna vilio vya kila mara wala matusi. Mwalimu akimsifu mtoto aliyemwangusha mwenzake, je, humwuliza pia aliyeanguka hali yake?

Faida nazo hazikosi. Mtoto anayejua kuanguka atanufaika nayo kwenye utelezi wa mvua ya masika na anapoanguka kutoka kwenye baiskeli. Mtoto aliyezoea kungoja wakati wake mkekani huenda akajifunza kutojibu kila neno la mchokozi. Na yule mdogo wa darasa, aliyezoea kuonewa kama Kano, hupata mahali ambapo udogo wake haumhukumu.

Nawe kijana unayesoma haya, usikate tamaa wiki ya tatu ukiona bado unafagia hewa. Mwenda pole hajikwai. Endelea kutembea na mwenzako, endelea kulisikiliza koti lake. Siku mtama utakapokuja, utashangaa kwamba hukuhisi uzito wowote, kana kwamba uliondoa unyasi njiani. Usishangilie. Bado umeushika mkono wa koti lake. Mvute asimame, mwiname, kisha umpe mguu wako autafute. Ni zamu yake.